Sokoni Alikonituma Kaka Yako

Maryam mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, ulipokuwa unafunga kamba za viatu, kwa hiyo naziruka. Umekwenda Stratford kununua adapta na soksi. Mimi leo sina zamu, nimekaa kwenye meza ya jikoni na karatasi hizi. Nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi, kwa sababu ukinikuta naandika utaniuliza naandika nini, nami nitasema naandika vitu vya kununua dukani, na tutaendelea hivyo hivyo tulivyozoea.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala dawa za tumbo, wala kuvaa begi kifuani kwenye watu wengi. Hayo unayajua kunishinda. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu haya ninayotaka kukwambia hayajawahi kupita kichwani mwangu kwa Kiingereza. Najua unakisoma polepole. Kisome polepole, safari yenyewe ni ndefu.

Kesho unakwenda katika mji alikofia kaka yako. Uliniambia kwenye korido, begi begani, mkono umeshashika kitasa: umekata tiketi, umepanga chumba katika mtaa ule ule aliokuwa akikaa Sule, na utakaa huko mpaka utakapochoka. Nikasema "sawa", nikarudi kuosha vyombo. Hilo "sawa" ndilo lililonitia kalamu mkononi. Tangu khitma ya kaka yako mimi na wewe tunakaa nyumba moja na hatukai meza moja. Unapakua chakula chako unakwenda nacho chumbani, nami nakula mbele ya televisheni. Neno lililokupeleka chumbani nalijua, maana nilikuwepo ulipolisema. Sitaki uondoke ukiwa na neno hilo peke yake.

Nianze mbali kidogo.

Selimundu uliikuta nyumbani kama ulivyolikuta kabati la vyombo. Ulipozaliwa wewe, Sule alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa ameshalazwa hospitali mara nyingi kuliko bibi yako wa Wete katika umri wake wote. Unajua ilivyo: damu yake ikikosa hewa inageuka umbo, inakwama kwenye mishipa, na yeye analia mifupa. Baridi inamuumiza, kuchoka kunamuumiza, kiu inamuumiza. Baba yenu alipotutoka, nikabakiwa na wazo moja tu: huyu asife. Sikuwa na wazo la pili.

Nilimzuia kuogelea na wenzake. Nilimzuia safari za skuli. Alipokuwa mtu mzima, ana ndevu zake, kapata kazi ya kukata mboga katika jiko la mkahawa mmoja huko mjini kati, nilimpigia simu mkuu wa jiko bila ya Sule kujua. Nikamwambia asimtume mwanangu kwenye chumba cha barafu, ni mgonjwa. Yule bwana alinishukuru kwa adabu sana. Haukupita mwezi, zamu za Sule zikapunguzwa mpaka zikawa kama mzaha. Alipojua sababu hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mama, wewe unanizika kidogo kidogo." Baada ya hapo akaacha kuniambia mambo yake. Alikuwa anakuja, anakula, ananiitikia, anaondoka.

Na wewe ulikua pembeni ya kitanda chake. Ulipokuwa na miaka kumi ulianguka skuli ukavunjika mkono, ukarudi nyumbani umeuficha ndani ya koti la skuli, kwa kuwa siku ile ulinikuta napanga nguo za Sule za hospitali. Jirani ndiye aliyeuona umevimba, kesho yake. Daktari aliponiuliza mtoto ameumia lini, ukanijibia wewe. Ulisema "leo", ili nisiaibike. Nilisikia kuwa ni uongo, nikakuacha uniokoe, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiambia nina mtoto mtulivu. Siku hizi kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikimvalisha mzee wa watu soksi, mkono ule hunijia. Mtoto hawi mtulivu hivihivi. Kuna mtu kamnyima nafasi ya kulia.

Sule aliposema anakwenda Uhispania wiki tatu kupumzika, nilifurahi. Nilimnunulia soksi nzito. Kumbe hakwenda Uhispania. Daktari wake alikuwa amemkataza miji iliyo juu milimani ambako hewa ni nyembamba, na Mji wa Mexico uko juu sana. Alijua akitaja Mexico nitalala mlangoni. Nilijua yuko wapi siku aliponiletea picha ya meza ya soko imejaa pilipili kavu, nyeusi, za njano, za rangi ya damu ya mzee, na chini yake kaandika: Niko Mexico. Mama, usipige kelele.

Wiki tatu zikawa miezi. Alikodi chumba. Akawa asubuhi anamsaidia mama mmoja mwenye genge la chakula sokoni, kumenya na kukata, na jioni anatembea mtaa kwa mtaa anaonja. Aliniletea picha za supu, za samaki, za mahindi ya kila namna, za mabanda yenye viti vinne. Alitaka aujue mji ule kwa mdomo, halafu arudi kwetu Ilford afungue sehemu yake ya chakula. Mimi, kwa kila picha, nilikuwa nikimjibu kitu kimoja: Umekunywa maji?

Simu ya ugonjwa alinipigia mwanamke aitwaye Tere, muuza pilipili katika soko lile. Alikuwa amefanya kazi Marekani miaka mingi, katika majiko ya watu, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alisema Sule yuko hospitali, kifua kimembana, njoo. Wewe ulikuwa katikati ya mitihani ya chuo. Ulisema twende sote, nikakwambia baki umalize, mimi nitakwenda kumrudisha. Nilisema kama mtu anayekwenda kumchukua mtoto skuli. Hili pia nimelifikiri sana. Nilikuacha tena pembeni, na safari hii sikukuuliza hata kama unataka.

Hospitali ile ni ya serikali, kubwa, na jamaa za wagonjwa hawaingii ovyo. Anaingia mmoja, alasiri, kwa muda mfupi. Wakati mwingine wote watu hukaa nje ya ukuta, wametandika maboksi na mablanketi, wanasubiri jina la mtu wao liitwe. Nilipoingia nilimkuta na barakoa ya oksijeni, midomo imekauka, macho ya njano. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumgombeza tangu kwenye ndege. Yaliniishia mlangoni. Akasogeza barakoa, akaniuliza, "Umekula wapi?"

Nikasema nimekula kwa yule mama yake wa sokoni.

"Juu ya jiko lake kuna nini?"

Nikasema kuna masufuria.

Alicheka mpaka akajishika mbavu kwa maumivu. Alisema juu ya jiko lile kuna kisanduku cha kioo chenye sanamu ya mtakatifu na vitaa vya rangi vinavyowaka na kuzimika, hawezi mtu kukaa pale asivione. "Umekula biskuti chumbani, Mama." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimefunga mlango kwa ufunguo nikala biskuti nilizotoka nazo Ilford, kwa kuuogopa mtaa.

Akavuta pumzi, akasema, "Mimi sitoki kitandani hapa. Nenda wewe. Kula, kisha uje unihadithie. Habari za maradhi usiniletee, ninazo."

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Maryam, siku ya kwanza nililichukia soko lile. Nilipita mbele ya vichwa vya nguruwe vimepangwa mstari, macho yamefumba, nikajiziba pua kwa mtandio, nikasema moyoni, huku ndiko mwanangu alikokimbilia, akaniacha. Watu wananiita, sielewi. Muziki huku, mashine ya kusaga mahindi kule. Halafu nikaona mapapai. Nikaona miwa, ukwaju, maua mekundu ya choya yaliyokaushwa kwenye magunia. Nikamwona mwanamke anakata embe, analimiminia ndimu, analinyunyizia chumvi na pilipili ya unga, anawapa watoto waliovaa sare. Nilisimama pale kama mjinga. Embe la chumvi na pilipili mara ya mwisho nililila Wete, nje ya lango la skuli, na nilipoondoka nilidhani nimeliacha huko.

Yule mama wa genge wanamwita Doña Chayo. Doña ni kama sisi tunavyosema Bi. Ni mnene, mfupi, ana nywele za mvi kazisuka. Ana meza moja ndefu yenye kitambaa cha plastiki, na mabenchi, na hicho kisanduku chenye vitaa, kinawaka na kuzimika. Aliponiona usoni hakuuliza mimi ni nani. Alishika mdomo kwa mkono wake wenye unga. Kisha akainama chini ya meza akatoa kikaango kidogo, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mpini, akaniwekea mbele yangu kama mtu anayeonyesha cheti.

Tere aliitwa aje anieleze. Doña Chayo hupikia mafuta ya nguruwe, hata maharage, ndivyo walivyozoea. Siku ya kwanza kabisa Sule alimwomba asimtilie. Siku ya pili akamwona Sule anasita kula, kwa kuwa kikaango ni kile kile. Siku ya tatu Doña Chayo akanunua kingine, akakifunga uzi, na tangu siku hiyo hakikuguswa na chakula cha mtu mwingine.

Mimi London nilikuwa nimeshamhukumu kaka yako. Alikuwa hatokei msikitini Ijumaa, nikamwambia mjomba wako Khamis kwamba mtoto huyu dini ameiacha. Nilisema kwenye simu, kwa sauti, na Sule yuko chumba cha pili. Kumbe katika mji ambao hakuna aliyemjua wala wa kumsema, alikuwa anazuia mkono wake. Nilikula mayai na maharage kwenye kikaango kile, na mpungate, ule mmea wa jangwani, uliotolewa miiba, unateleza kama bamia. Nilikula huku machozi yananitoka, na Doña Chayo aliniongezea mkate wa mahindi kila ulipopungua, bila ya kuniambia ninyamaze.

Alasiri nikamhadithia Sule. Akafumba macho. Akaniuliza nilikamua ndimu kabla au baada ya kuonja, na maharage yalikuwa mazima au yamepondwa. Nilipomwambia mpungate ni kama bamia alicheka, akasema yeye miezi yote hakuwahi kulifikiri hilo. Kesho yake akanituma kwa mpika supu nyuma ya kituo cha basi. Siku nyingine kwa mwanamke anayeuza uji wa mahindi asubuhi, kwenye ndoo, pembeni ya kanisa. Siku nyingine kwenye mkahawa wa wazee, wenye vitambaa vyeupe, ambako mhudumu alinivutia kiti na kuniita bibi mkubwa. Nilipotea. Nilichomwa mdomo na pilipili mpaka mwenye duka la viatu akaniletea ndizi. Nilijifunza kusema "sin manteca", bila ya mafuta ya nguruwe, na nikalisema vibaya mpaka wakanizoea.

Sijawahi kuzungumza na kaka yako kama nilivyozungumza naye siku zile. Maisha yake yote nilikuwa namuuliza unaumwa wapi. Sasa yeye ananiuliza nimeonja nini, na ananisikiliza, na ananibishia. Ulikuwa ni mji wake, na mimi ndiye mgeni. Nadhani alipenda kunilea kidogo.

Lakini hali ilikuwa inazidi kuwa mbaya. Daktari aliniita pembeni akanieleza, na nesi mmoja akanifafanulia, kwamba lazima wambadilishie damu, na hospitali zile damu inaletwa na jamaa: watu wa mgonjwa wanakuja kutoa, ili ghala lisiishe. Yangu waliikataa. Mimi ndiye niliyempa nusu ya maradhi yale, na umri wangu pia hawakuupenda. Nilitoka nikakaa ukutani na wale wenye maboksi. Katika mji ule mzima nilikuwa najua majina ya watu wawili.

Na sikuwaambia. Hili nataka ulisome vizuri, kwa kuwa wewe na mimi tuna tabia moja. Nimelelewa kwamba shida ya nyumbani haipelekwi kwa watu baki. Nikajiambia, hawa wameshamlisha mwanangu, wameshanilisha mimi, nitawaombaje na damu? Siku nzima ikapita. Nilikwenda kwa Doña Chayo mchana, nikakaa, sikula, nikasema nimeshiba. Tere alipita na ndoo ya pilipili, akaona sahani yangu, akaweka ndoo chini akakaa. "Nyinyi mnaokuja kutoka mbali," aliniambia, "mnataka mfe kwa adabu." Ndipo nikasema.

Asubuhi yake walikuwa nje ya hospitali kabla yangu. Watoto wawili wa kiume wa Doña Chayo. Muuza samaki na mkewe. Yule wa mashine ya mahindi. Na mwenye vichwa vya nguruwe, bwana mmoja mrefu mwenye haya, kavaa shati safi lililopigwa pasi. Wengine walirudishwa, huyu kachora mwilini karibuni, yule ana presha. Waliokubaliwa walitosha. Sijui ni damu ya nani iliyomwingia Sule. Nilimpa mkono kila mmoja wao, na yule wa nguruwe nilimpa mikono miwili.

Ile siku moja niliyonyamaza ndiyo inayoniamsha usiku, kuliko hilo unalolifikiri wewe. Daktari alisema haikubadilisha kitu. Huenda ni kweli, huenda alinihurumia.

Baada ya damu Sule akapata rangi. Akaomba kichanio. Daktari akasema Jumatatu huenda akahamishwa wodi ya kawaida. Alasiri ile aliniambia, "Kesho usiende sokoni. Nenda mkahawa wa samaki wa viti vya buluu. Agiza samaki mzima wa tungule na zeituni. Utasema wamemwibia bibi mapishi yake."

Nikaenda. Ilikuwa mchana, mlango wazi, jua mpaka chini ya meza. Waliniletea samaki mzima, tungule na vitunguu juu yake, na zeituni, na pilipili za kijani. Nilinawa, nikala kwa mkono, hakuna aliyenitazama. Na kweli walikuwa wamemwibia bibi. Mwanangu, nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nafikiria nitamhadithiaje, nianze na mchuzi au nianze na mwenye mkahawa aliyekuwa akigombana na kasuku wake.

Tere akatokea mlangoni. Hospitali walikuwa na nambari yake, kwa kuwa mimi lugha siijui. Nilidhani amekuja tule pamoja. Nikavuta kiti. Nikatia tonge mdomoni, nikampungia mkono kwamba njoo. Hakuingia. Alisimama pale na eproni yake ina vumbi jekundu, na nilipoona analia nikajiambia ni pilipili.

Donge la damu lilikwenda mapafuni. Walisema ilikuwa haraka. Muda wa kuingia wodini ulikuwa bado, na hata ningekaa ukutani siku ile wasingeniruhusu. Hayo ni kweli, lakini siyataji kwa kujitetea. Mpokea fedha wa mkahawa alikataa pesa zangu. Tere alinishika kwapa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado una mchuzi, na ndio niliomshikia mwanangu paji la uso, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuniambia ninawe.

Mjomba wako Khamis alipiga simu kutoka Kilburn: mlete, alazwe karibu na baba yake. Nilipouliza nikaambiwa karatasi, na dawa za kutilia maiti, na wiki za kungoja kwenye friji. Sule barafu nilimkataza uhai wake wote. Nikasema hapana, azikwe hapa, haraka, kama dini inavyotaka. Waislamu wachache wa mji ule walimwosha, wakamsalia, wakamzika, watu ambao sitowajua majina. Doña Chayo alifunga genge. Alikuja na shali nyeusi kichwani, akasimama na mimi nyuma, mbali kidogo na wanaume, na kila nilipoyumba alinisogelea bega lake bila ya kunigusa kwa mkono. Mjomba wako mpaka leo anasema nilimtupa mtoto ugenini. Labda. Nilipokuwa nimesimama pale hapakuwa ugenini.

Kisha nikarudi, na khitma ikasomwa hapa nyumbani, na wanawake wakaniuliza, kama wanavyouliza, ulikuwa naye? Ulimshika mkono? Ningeweza kusema ndiyo, na wote tungelia tukamaliza. Nikasema nilikuwa mkahawani nakula samaki. Wewe ulikuwa umeshika trei ya vikombe. Ulisema kwa Kiingereza, bila ya kupaza sauti, kwamba kaka yako anakata roho na mimi nakula. Waliofahamu wakainamisha macho.

Sikukujibu. Nilidhani kunyamaza ni subira. Ulikuwa woga, niliogopa utaniuliza neno la pili. Basi jibu langu ni hili, limechelewa sana: ndiyo, nilikuwa nakula. Alinituma yeye. Lilikuwa jambo la kwanza katika maisha yake aliloniomba nami nikalifanya kama alivyoliomba. Sikuombi unisamehe, wala sijui kama ni jambo la kusamehewa. Nataka tu ulijue lote.

Daktari amekwambia hewa ya kule haitakudhuru. Jana nilishika simu nimpigie nimuulize mwenyewe, nikaiweka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiweka.

Doña Chayo bado yupo. Tere huniletea salamu sikukuu zinapofika. Hawajui unakuja, sikuwaambia, nimeona ni juu yako kusema wewe ni nani, au kukaa benchi ukala kama mpita njia ukaondoka. Kaburini usiende kwa ajili yangu. Ukitaka siku ya kwanza, nenda. Ukitaka usiende kabisa, sitakuuliza.

Imebaki moja, nayo ndiyo nzito kwangu. Siku ile ya khitma, kabla ya maneno, nilikuona unanizunguka, unaleta maji, unaondoa vikombe, unangoja. Ulikuwa unangoja nikwambie Sule amesema nini juu yako. Umengoja muda wote huu. Huko unakokwenda, watu wana huruma, wanaweza kukutungia neno zuri kwa sababu watakuona usoni unalitaka. Mimi ndiye niliyekuwa naye alasiri ya mwisho, na nimetafuta kila alilosema, nimelipindua juu chini. Hakuacha wasia, Maryam. Hakukuachia salamu. Hakujua kuwa anakwenda.

Alikutaja mara moja tu. Alisema umelichukua jaketi lake la kijani bila ya kumwomba, kakuona nalo kwenye picha, na akirudi utalivua utake usitake, na wewe siku zote ndivyo ulivyo. Alikuwa amekasirika kweli, mpaka nesi akaja kuangalia mashine. Nikamwambia nitakusema. Sikukusema.

Ndilo hilo tu nililo nalo la kukupa. Alikugombeza kama mtu anayejua wiki ijayo mtaonana.

Ni mimi mama yako,
Rukia